Tusitie Saini kwa Ajili ya Neno "Bila Kikomo"

Kwa miaka mingi makampuni ya simu nchini mwetu yamekuwa yakiuza intaneti kwa kipimo, kama vile dukani tunavyouziwa mafuta ya taa kwa chupa. Mteja hununua kifurushi, ambacho vijana hukiita bando, akakitumia mpaka kikaisha, kisha akanunua kingine. Katika miaka ya karibuni imeongezeka biashara nyingine: intaneti ya nyumbani inayolipiwa kwa mwezi, ambayo mteja huahidiwa kwamba ataitumia apendavyo, mchana na usiku, pasipo kuhesabiwa. Tangazo lake ni fupi na tamu. Husema "bila kikomo", kisha hutaja bei.

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatusemi kwamba kila kinachotangazwa ni kibaya. Twasema tu kwamba tangazo haliwezi kuwa mizani ya mnunuzi, maana limeandikwa na muuzaji. Mizani lazima iwe mikononi mwa yule atakayelipa. Ndiyo sababu leo twapenda kulipima tangazo hili, na tumechagua kulipima kwa macho ya mtu wa Kagunga, siyo kwa macho ya mtu wa Dar es Salaam mwenye waya wa faiba mlangoni na umeme wa gridi ukutani.

Kagunga ni kijiji kilichobanwa baina ya maji na milima, katika ukanda mwembamba wa pwani ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, mpakani kabisa na Burundi. Kwa miaka mingi njia yake kuu ya kwenda Kigoma na Ujiji imekuwa ziwa. Mtu mwenye haja na benki, hospitali kubwa au ofisi ya wilaya alipanda boti, akapoteza siku nzima, na pengine siku mbili. Mahali kama hapo, ujumbe unaokwenda bila boti una thamani ambayo mtu wa mjini haijui. Lakini hapo hapo shilingi nayo ina thamani yake, kwa kuwa imetoka katika dagaa, katika mawese, au katika mshahara mmoja unaotazamwa na watu wengi. Kwa hiyo swali la mkataba huu si swali la anasa. Ni swali la matumizi ya jasho.

HABARI NI MALI TANGU ZAMANI

Pwani hii inajua gharama ya habari iliyochelewa. Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, miongoni mwa vitu alivyomletea ulikuwamo mfuko wa barua zake, ambao kabla ya hapo ulikuwa umekwama huko Unyanyembe. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, barua iliyokuwa ikichukua miezi kwa miguu ikaanza kuhesabiwa kwa siku.

Tena hatuna haja ya kurudi mbali hivyo. Mwezi Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwachukua watu kuwapeleka Kigoma. Wakati kama huo habari inayofika leo na habari inayofika kesho si habari moja. Dawa huagizwa kwa ujumbe. Maji huagizwa kwa ujumbe. Meli yenyewe huitwa kwa ujumbe.

Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba twawashauri wananchi wa vijiji waikimbie intaneti. La, hasha. Twataka waipate, na waipate kwa bei ya haki. Mtu anayekihitaji kitu sana ndiye aliye rahisi kudanganywa na jina lake.

MANENO MAWILI NA MAANA YAKE

Hebu tuyatazame maneno yenyewe. "Bila kikomo" ni ahadi juu ya wingi. Haisemi neno juu ya kasi, wala juu ya saa ambazo mtandao utakuwa hai, wala juu ya watu wangapi wanagawana mnara mmoja. Mtu aweza kupewa ruhusa ya kuchota maji bila kikomo katika bomba linalotoa matone. Ruhusa anayo, ila ndoo haijai.

Zaidi ya hayo, mikataba mingi ya namna hii, hapa kwetu na nchi za nje, ina sharti linaloandikwa kwa herufi ndogo, nalo limepewa jina zuri: sera ya matumizi ya haki. Maana yake ni kwamba mteja akishafikisha kiasi fulani cha matumizi katika mwezi, kampuni hupunguza kasi yake mpaka mwezi uishe. Kampuni ina hoja yake. Mnara mmoja huhudumia watu wengi, na mtu mmoja akiunyonya usiku kucha, jirani hapati kitu. Hoja hiyo hatuikatai. Tunalokataa ni mteja kuambiwa maneno makubwa barabarani na kuachiwa maneno madogo ayagundue mwenyewe nyumbani.

Tufanye hesabu ili jambo lionekane. Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, bali vifurushi hupimwa kwa megabaiti na gigabaiti, yaani MB na GB. Baiti moja ni biti nane. Hapa ndipo wengi hupotea, kwani wakisikia "megabiti 10" hudhani watapata MB 10 kila sekunde. Watapata MB 1 na robo. Kwa saa moja, kasi hiyo ikiwa kamili, zitapita GB 4 na nusu. Sasa tuseme mkataba una sharti la GB 200 kwa mwezi kabla ya kasi kupunguzwa. Ruta ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, GB 200 zitakwisha kwa muda wa saa 44 hivi, ambazo hazifiki hata siku mbili. Siku ishirini na nane zilizobaki mteja atatembea kwa kasi ndogo, na bado kampuni itakuwa haijasema uongo, kwa sababu hajakatiwa.

Na kasi ndogo hiyo yaweza nini? Tuseme imeshushwa mpaka megabiti 1. Ujumbe wa maandishi utakwenda, simu ya sauti itakwenda, gazeti litasomeka. Lakini picha za video za ubora wa kawaida, ambazo hula takriban GB 0.7 kwa saa, huhitaji megabiti 1 na nusu ili zitiririke pasipo kusimama. Kwa hiyo mwanafunzi anayefuata somo la video ataliona likisimama na kwenda, likisimama na kwenda, mpaka achoke. Swali la kwanza la kumwuliza muuzaji, basi, ni hili: "Nikishatumia kiasi gani mtanipunguzia kasi, na mtaipunguza mpaka ngapi?" Muuzaji asiyeweza kutaja tarakimu hizo mbili hajauza kitu ambacho mnunuzi aweza kukipima.

DAFTARI LA MWEZI MMOJA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuuliza bei ya kampuni, yafaa kila nyumba ijiulize inatumia kiasi gani sasa. Simu za kisasa zina mahali panapoonyesha matumizi ya intaneti kwa mwezi. Mtu akitazame kiasi hicho, akiandike, kisha aandike kando yake shilingi alizotoa kununua vifurushi mwezi huo huo. Tarakimu hizo mbili zina ukweli kuliko tangazo lolote.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitaja bei elekezi ya intaneti kuwa kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa MB moja. Ukichukua ile bei ya chini, GB moja huwa shilingi elfu mbili na kitu. Basi tuseme nyumba inanunua GB kwa shilingi 2,000. Tuseme tena kwamba mkataba wa mwezi ni shilingi 70,000, na ruta yenyewe shilingi 120,000. Ruta hiyo ikigawanywa katika miezi kumi na miwili ni shilingi 10,000 kila mwezi. Gharama ya kweli ya mkataba, basi, ni shilingi 80,000. Ukigawa kwa 2,000 utapata 40. Maana yake: nyumba ambayo haifikishi GB 40 kwa mwezi inapata hasara kwa mkataba huo, nyumba inayopita hapo yaweza kupata faida.

Sasa tumtazame mwalimu anayeishi peke yake. Kila siku hupiga simu za sauti kwa intaneti dakika arobaini, ambazo hula kama MB 20. Ujumbe na picha humlia MB 100. Magazeti na maandalio ya masomo, MB 150. Jioni hutazama video nusu saa, MB 350. Jumla ni MB 620 kwa siku, yaani GB 18 na nusu kwa mwezi. Kwa vifurushi atalipa kama shilingi 37,000. Mkataba wa "bila kikomo" utamgharimu zaidi ya mara mbili ya hizo. Kwa mwalimu huyu jibu ni rahisi: asiununue.

Tumtazame pili mwenye nyumba ya watu sita, wawili wakiwa wanafunzi. Nyumba hiyo hutazama video saa nne kwa siku wote kwa jumla, na mambo mengine ya MB 500. Hizo ni GB 3.3 kwa siku, nazo ni GB 99 kwa mwezi. Kwa vifurushi zingekuwa shilingi 198,000. Hapo mkataba waonekana kuokoa shilingi 118,000, na muuzaji atalichora jambo hilo kwa rangi nyekundu.

Lakini tusimame hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo mtego ulipo. Je, nyumba hiyo ilikuwa ikilipa shilingi 198,000 kila mwezi hapo zamani? Aghalabu sivyo. Ilikuwa ikilipa shilingi 30,000, ikijibana, video zikitazamwa siku moja moja. Zile saa nne za kila siku zimekuja baada ya mlango kufunguliwa. Basi nyumba haikuokoa shilingi 118,000. Imeongeza matumizi yake kwa shilingi 50,000. Huenda nyongeza hiyo ikawa na faida kubwa, kama ni masomo ya watoto au kazi inayoleta fedha. Huenda pia ikawa ni michezo na vichekesho tu. Ni haki ya kila mtu kuburudika kwa fedha yake, ila asiiandike burudani katika ukurasa wa akiba. Faida ya mkataba hupimwa kwa yale ambayo mtu alikuwa akilipa kwa kweli, pamoja na kazi mpya iliyopatikana. Haipimwi kwa yale ambayo angelipa kama angekuwa tajiri.

MWEZI WA KALENDA NA MWEZI WA MBINGUNI

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa mikataba hawalijui, nalo watu wa ziwa hawahitaji kufundishwa. Mkataba huhesabu siku thelathini. Mvuvi wa dagaa huhesabu giza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazina nguvu, maboti yakapumzika ufukweni. Kwa hiyo kila mwezi una siku za fedha na siku za kukaa. Mtu anayelipa kwa kifurushi hununua kikubwa katika giza na kidogo katika mbalamwezi, au asinunue kabisa. Mtu aliyefungwa na mkataba hulipa siku zote sawasawa, awe na samaki au asiwe nao.

Tena kuna kufungwa kwa ziwa lenyewe. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano na nchi jirani, ili samaki wapate kuzaliana. Hatuna ugomvi na jambo hilo; ziwa lisilopumzishwa halitamlisha mtu. Lakini tumtazame aliyetia saini mkataba wa miezi kumi na miwili mwezi Aprili wa mwaka ule. Miezi mitatu kati ya hiyo wavuvi walikuwa pwani, wachuuzi wa dagaa hawakuwa na dagaa, fundi wa injini hakuwa na injini ya kutengeneza, na mama muuza chai hakuwa na wanywaji. Bili ya intaneti haikufungwa pamoja na ziwa.

Kwa sababu hiyo twashauri kwamba mtu ambaye riziki yake imefungamana na ziwa asikubali mkataba wa mwaka, hata ukiwa na punguzo la bei. Achague ule wa kulipa mwezi kwa mwezi, unaoweza kusimamishwa bila faini na kufunguliwa tena bila ada. Uhuru wa kusimamisha una bei yake, na katika pwani ya Kigoma yastahili kulipwa.

MNARA, MKONGO NA UMEME

Hata mkataba wenye bei nzuri haufai kitu kama mtandao haufiki. Ruta nyingi za nyumbani zinazouzwa mbali na miji hazina waya. Hupokea mawasiliano kutoka katika mnara ule ule unaohudumia simu za mkononi. Mawimbi hayo hayapendi milima, nako Kagunga milima imesimama nyuma ya nyumba. Nyumba moja yaweza kuwa na mtandao mzuri sebuleni na jirani yake, hatua hamsini tu, asipate kitu kwa sababu ya kilima.

Serikali imekuwa ikisaidia kupeleka minara mahali ambapo makampuni hayaoni faida, kwa kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi yetu. Hiyo ni kazi njema. Walakini mnunuzi hanunui mnara wa taifa. Hununua mawimbi yanayofika dirishani mwake. Basi dawa ni kujaribu kabla ya kulipa. Mtu anunue kifurushi kidogo cha kampuni ile ile, aweke laini katika simu, aiweke simu pale pale ambapo ruta itakaa, apime kasi asubuhi, mchana na usiku saa tatu, kwa muda wa siku saba, na aandike kila mara. Kipimo cha usiku ndicho kikubwa kuliko vyote, kwa sababu saa hiyo watu wote wamerudi nyumbani na mnara una kazi nyingi. Kasi ya saa nne asubuhi ni sura ya arusi. Kasi ya saa tatu usiku ni sura ya ndoa.

Nyuma ya mnara kuna njia ndefu zaidi. Intaneti yetu hupita katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, kisha huingia katika mikongo ya baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu, na intaneti ikadorora nchini kote na katika nchi jirani. Ajali kama hizo hazina mkosaji wa karibu. Bali mteja ana haki ya kuuliza: siku ambazo sikupata huduma, je, nitaongezewa mbele, au zimepotea? Jibu liwe limeandikwa.

Kisha kuna umeme. Kwa nyumba inayotegemea umeme wa jua, ruta ni mlaji mpya mezani. Ruta ya wati 10 ikiwashwa saa ishirini na nne hutumia wati-saa 240. Paneli ya wati 50, ikipata jua zuri kwa saa tano, hutoa wati-saa 250. Maana yake ruta peke yake yaweza kumeza karibu umeme wote wa paneli hiyo, taa na redio zikabaki na njaa. Aliye na paneli ndogo hana budi kuizima ruta saa nyingi, na ruta iliyozimwa hulipiwa sawa na iliyowashwa. Au sivyo anunue paneli na betri kubwa zaidi, na gharama hiyo aiandike katika daftari lile lile.

Vyombo vya setilaiti vinavyozunguka chini, kama kilometa 550 juu ya ardhi, vimeleta matumaini katika nchi nyingi, kwa kuwa havijali mlima wala mnara. Lakini sahani ya namna hiyo hula wati 50 mpaka 75, yaani mara tano au zaidi ya ruta ya kawaida. Tena mpaka uko karibu, na kitu kinachouzwa ng'ambo chaweza kuwa hakina ruhusa upande huu. Asinunue mtu chombo cha setilaiti kabla ya kuiuliza TCRA kama huduma hiyo imepewa leseni nchini. Na kwa kuwa tumeutaja mpaka, twakumbusha jambo dogo lenye hasara kubwa: simu iliyo mpakani yaweza kushika mnara wa nchi jirani na kutozwa bei ya ugenini. Kila mtu azime matumizi ya ugenini katika simu yake na katika ruta yake.

NYUMBA MOJA AU NYUMBA NYINGI?

Twafika sasa kwenye shauri letu. Tukitazama hesabu zote, twaona kwamba mkataba wa "bila kikomo" mara nyingi haumfai mtu mmoja wa kijijini, lakini waweza kuufaa mkusanyiko wa watu wenye kazi ya siku nzima. Shule yenye walimu kumi wanaoandaa masomo. Zahanati inayotuma taarifa na kuomba ushauri kwa daktari aliye mbali. Chama cha ushirika cha wavuvi kinachouliza bei ya dagaa Kigoma kabla ya kupakia mzigo: hao ndio wenye kuweza kulijaza lile pipa la GB 40 kwa kazi, siyo kwa kupitisha wakati. Mchuuzi anayejua kwamba soko limeshuka leo, akaacha kupeleka gunia mpaka keshokutwa, aweza kurudisha bei ya mwezi kwa safari moja.

Lakini kuchangia kuna sheria zake. Mikataba mingine humkataza mteja wa nyumbani kuwagawia watu wa nje, na kuuza huduma ya intaneti kwa wengine ni biashara inayotaka leseni. Kikundi kitakacho kuchanga kisome sharti hilo kwanza, kiombe mkataba wa taasisi iwapo ndio unaofaa, kichague mtu wa kutunza daftari, na kikubaliane mapema nani atumie saa gani. Tumeona vyama vingi vikivunjika kwa sababu ya shilingi chache ambazo hazikuandikwa.

HAKI YA MNUNUZI

Wako wanaosema kwamba mnyonge hana la kufanya mbele ya kampuni kubwa. Hatukubali. Tarehe 2 Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika, wananchi walipiga kelele nchi nzima, na bei hizo zikasitishwa siku hiyo hiyo. Jambo hilo lionyeshe kwamba sauti ya walipaji husikika ikiwa ya wengi na ikiwa na hoja.

Mteja mwenye malalamiko aanze na kampuni yake, kwa maandishi, na atunze namba ya malalamiko. Asiporidhika aende TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo ina utaratibu wa kusikiliza mashauri ya watumiaji. Na liko pia Baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, ambalo kazi yake ni kuwasemea. Lile daftari la kasi tulilolitaja, lenye tarehe na saa, ndilo litakalokuwa shahidi wake. Asemaye "mtandao ni mbaya" hujibiwa kwa pole. Asemaye "siku kumi na mbili kati ya kumi na nne, saa tatu usiku, nilipata megabiti 1 mahali pa 10" hujibiwa kwa kazi.

Basi, ndugu zetu, kabla ya kutia saini tuulize mambo sita. Kwanza, ninatumia GB ngapi sasa, na ninalipa kiasi gani? Pili, kasi itapunguzwa baada ya GB ngapi, na mpaka ngapi? Tatu, kasi ya saa tatu usiku nyumbani kwangu ni ngapi? Nne, bei yote, pamoja na ruta, kodi na umeme, ni kiasi gani kwa mwezi? Tano, naweza kusimamisha bila faini mapato yanapopungua? Sita, ni kazi gani itakayofanyika kwa intaneti hii ambayo leo haifanyiki?

Mtu akipata majibu mazuri kwa yote sita, na anunue bila woga, kwani intaneti ni chombo cha kazi kama jembe, nyavu na cherehani. Akikosa majibu, aendelee na kifurushi chake, akitunze, na azitumie fedha zilizobaki kwa ada ya mtoto au kwa kuziba boti. Kampuni itarudi na tangazo jingine. Haijapata kutokea tangazo likaadimika. Shilingi iliyokwisha kutoka ndiyo isiyorudi.